Habari za Utumbo na Mishipa Yake ya Fahamu

Mtazame mbuzi anywapo maji mtoni. Miguu yake ya mbele imeshuka ukingoni, shingo imeinama, na kinywa chake ki chini kuliko tumbo lake. Walakini maji yanapanda, yanapita shingoni, yanafika tumboni wala hayarudi. Kama chakula na maji vingeshuka tumboni kama jiwe lishukavyo kisimani, mbuzi angekufa kwa kiu kando ya mto. Na wewe pia, ukilala chali ukameza tonge la ugali, au ukijining'iniza mtini kichwa chini kama watoto wapendavyo kufanya, tonge litakwenda liendako. Basi ni dhahiri kwamba iko nguvu inayolisukuma.

Nguvu hiyo ni misuli. Njia ya chakula, tangu kooni hata mwisho wake, ni kama bomba refu, na kuta zake zina tabaka mbili za misuli: moja imelizunguka bomba kama pete, na nyingine imelala kwa urefu wake. Chakula kikifika mahali, misuli iliyo nyuma yake hujibana, na misuli iliyo mbele yake hulegea, kikasogea kidogo. Hapo tena nyuma hubana, mbele hulegea. Mkamaji hufanya karibu vivyo hivyo kwa vidole vyake: hubana chuchu ya ng'ombe juu kwanza, kisha chini, maziwa yakatoka. Umio, yaani njia ya kutoka kooni hata mfuko wa tumbo, una urefu wa sentimita 25 hivi katika mtu mzima, na tonge huupita kwa sekunde chache. Katika utumbo mwembamba chakula hukaa saa kadhaa. Katika utumbo mpana, ambao urefu wake ni kama mita moja na nusu, masalio yake hukaa siku nzima au zaidi, yakinyonywa maji.

Sasa labda utauliza, Ni nani aiamuruye misuli ile kubana na kulegea kwa zamu? Wengi watajibu kwamba ni ubongo. Jibu hilo si la kipumbavu, maana ni ubongo uamurishao mkono uinuke na mguu upige hatua. Lakini kumbuka siku ya sikukuu ulipotazama mbuzi akichinjwa. Kichwa kimekwisha kutengwa na mwili, ngozi imechunwa, na matumbo yametolewa yakawekwa katika ungo. Nayo yangali yakijinyonganyonga polepole kama nyungunyungu, mara hapa mara pale. Ubongo hauko tena. Ni nani basi anayeyatikisa?

Wataalamu wawili wa Uingereza, William Bayliss na Ernest Starling, walilichunguza jambo hili mjini London, wakaandika habari zake mwaka 1899. Walitumia mbwa aliyelazwa usingizi kwa dawa, wakaikata mishipa yote ya fahamu iliyotoka nje kuja kwenye utumbo, ili ubongo usiweze kuuambia utumbo neno lo lote. Kisha wakaugusa utumbo kwa ndani. Mara ile juu ya mahali palipoguswa pakajibana, na chini yake pakalegea, kama kawaida. Basi wakajua ya kuwa utumbo unao uongozi wake wenyewe ndani ya kuta zake.

Uongozi huo ulikuwa umekwisha kuonekana kwa macho miaka mingi kabla yao. Mwaka 1862 daktari mmoja, Leopold Auerbach, wa mji wa Breslau (leo huitwa Wrocław, nao u katika nchi ya Poland), alitazama kwa hadubini katikati ya zile tabaka mbili za misuli, akaona wavu mwembamba wa mishipa ya fahamu, na kwenye mafundo ya wavu ule makundi ya chembe za fahamu. Wavu huo umeenea tangu umio hata mwisho wa utumbo. Siku hizi hukisiwa kuwa chembe zake zapita milioni 100. Ubongo hupeleka habari tu, kama mkubwa akaaye mjini awapelekeavyo wazee wa kijiji barua. Lakini kazi ya kila siku, wazee wa kijiji huifanya wenyewe.

Hata hivyo barua zile zina nguvu. Walter Cannon, alipokuwa angali mwanafunzi wa udaktari katika chuo cha Harvard huko Marekani, alianza mwaka 1896 kuwatazama wanyama kwa mionzi ya eksirei, iliyokuwa imegunduliwa mwaka mmoja tu kabla yake. Alimpa paka chakula kilichochanganywa na unga mzito usiopitisha mionzi, akakiona kivuli cha chakula kikisukumwa tumboni kwa mawimbi. Lakini paka alipoingiwa na hofu au hasira, mawimbi yalikoma. Alipotulia, yakaanza tena. Kila mwanafunzi aliyepata kushindwa kula uji asubuhi ya mtihani anaweza kumshuhudia Cannon kwamba alisema kweli.

Je, yakoje mambo ya mtu ambaye sehemu ya wavu ule haimo mwilini mwake? Hapo ndipo penye habari ninayotaka kukueleza.

Harald Hirschsprung alizaliwa mwaka 1830 mjini Copenhagen, katika nchi ya Denmark. Baba yake alikuwa na kiwanda cha tumbaku, naye angeweza kuifuata kazi ile. Lakini alipenda udaktari, akawa mganga wa watoto. Mwaka 1886 alisafiri kwenda Berlin akawaeleza madaktari waliokusanyika huko habari za watoto wawili aliowaona. Watoto hao walikuwa na shida ya kupata choo tangu kuzaliwa. Matumbo yao yalivimba yakawa kama ngoma, na miili yao ikakonda, wakafa wangali wachanga. Walipopasuliwa baada ya kufa, utumbo mpana ulionekana umetanuka mno, na kuta zake zimekuwa nene. Hirschsprung alisema kwamba ugonjwa ule ni wa kuzaliwa nao. Na hapo alisema kweli. Ugonjwa ukaitwa kwa jina lake hata leo. Lakini dawa yake hakuijua.

Madaktari waliomfuata waliwatazama watoto wa namna ile, nao wakaona jambo lile lile: utumbo uliotanuka. Ni nani asiyeuona? Uliijaza tumbo yote. Chini yake, karibu na njia ya haja kubwa, palikuwa na kipande kidogo cha utumbo chenye ukubwa wa kawaida na rangi nzuri. Basi wakasema, Ugonjwa uko pale palipotanuka. Wengine wakaikata sehemu ile kubwa wakaitupa, wakaziunga ncha mbili zilizosalia. Wengine wakakata mishipa fulani ya fahamu iliyo karibu na uti wa mgongo. Mtoto alipata nafuu kidogo, kisha tumbo likavimba upya. Mambo yakaendelea hivyo kwa muda wa miaka 60 na zaidi, na watoto wengi wakafa.

Fikiri juu ya mfereji wa maji shambani. Mfereji ukizibwa, maji hufurika juu ya kizibo, na chini yake mfereji hubaki mtulivu. Mgeni akipita ataona mafuriko, hataona kizibo. Tusiwacheke madaktari wale, kwa maana kizibo chenyewe hakikuwa jiwe wala tope, bali kipande cha utumbo kilichoonekana kizima kwa kila dalili. Tena neno la kweli lilikuwa limekwisha kuandikwa: mwaka 1901 daktari mmoja aitwaye Tittel alieleza kwamba chembe za fahamu zilikosekana katika utumbo wa mtoto mwenye ugonjwa huu. Lakini kwa muda mrefu watu hawakulitia maanani.

Aliyeifungua habari hii alikuwa mpasuaji mmoja wa hospitali ya watoto ya Boston, Marekani, jina lake Orvar Swenson. Alikuwa amezaliwa Sweden mwaka 1909, akahamia Marekani na wazazi wake utotoni. Katika miaka ya 1940 waliletwa kwake watoto wenye matumbo ya kuvimba, nao wako katika hatari ya kufa. Ili kuwaokoa alifanya tundu ubavuni mwa tumbo, akautoa utumbo mpana hapo, choo kikapita njia hiyo badala ya kushuka chini. Tumbo likanywea, watoto wakala, wakanenepa. Hata utumbo uliotanuka ukarudi polepole kuwa na ukubwa wake wa kawaida. Lakini tundu lilipofungwa na choo kurudishwa katika njia yake ya asili, ugonjwa ulirudi.

Swenson akatafakari. Kama utumbo uliotanuka ungekuwa ndio mgonjwa, ungeponaje kwa kutobolewa tundu tu? Basi huenda kasoro i chini ya tundu. Akatwaa viputo vidogo vya mpira vilivyofungwa kwenye mirija, akaviingiza katika utumbo mahali mbalimbali, na kila utumbo ulipobana, chombo kikachora alama karatasini. Alama zikaonyesha wimbi likishuka vizuri kutoka juu. Lilipofika kile kipande cha chini chenye sura nzuri, likafa. Hapo hapakuwa na wimbi lo lote. Ndipo alipojua kwamba madaktari walikuwa wakikata kipande kizima na kukiacha kigonjwa.

Akajizoeza kwanza kwa mbwa namna ya kukitoa kipande kile cha chini kabisa na kuuvuta utumbo mzima ushuke uunganishwe karibu na njia ya haja kubwa, bila kuiharibu misuli iufungayo mlango wake. Kisha akawapasua watoto, nao wakapona. Mwaka 1948 yeye na mwenzake Alexander Bill walichapisha habari za upasuaji huo. Mwaka huo huo wachunguzi wengine huko Marekani walitazama vipande vya utumbo vya watoto wagonjwa kwa hadubini, wakathibitisha ya kwamba katika kipande chembamba chembe za fahamu hazimo kabisa. Swenson aliishi miaka 103, akafa mwaka 2012.

Iko fumbo moja hapa. Misuli ikikosa mishipa ya fahamu, si ingelegea kama kamba? Mkono uliokatwa mishipa yake hulegea. Mbona utumbo hufunga? Jibu ni kwamba misuli ya utumbo hupenda kujibana yenyewe, na sehemu kubwa ya kazi ya chembe zile ni kuiambia, Legea, mgeni anakuja. Asipokuwapo wa kuiambia hivyo, hubaki imejikunja mchana na usiku kama ngumi. Choo hufika hapo kikakuta mlango umefungwa, wala hapana bawabu wa kuufungua.

Chembe zenyewe hukosekana kwa sababu gani? Mtoto anapoumbwa tumboni mwa mama yake, chembe za fahamu za utumbo hazizaliwi humo utumboni. Nyingi hutoka mahali karibu na shingo, zikaingia umio, zikasafiri kwenda chini huku zikiongezeka, hata kufika mwisho kabisa. Safari hiyo hufanyika kabla mimba haijatimiza miezi mitatu. Katika watoto hawa wasafiri huishia njiani. Ndiyo sababu sehemu iliyokosa chembe huwa sikuzote ni ya mwisho: katika watoto kama wanne kwa kila watano ni kipande kifupi tu, na katika wachache ni utumbo mpana wote. Mwaka 1994 wataalamu waligundua kwamba hitilafu katika kitu kimoja cha urithi, kiitwacho jeni ya RET, huweza kuleta kasoro hii. Hupata kama mtoto mmoja katika watoto 5,000 wazaliwao, na wavulana kuliko wasichana, kama wanne kwa mmoja. Mama hakukosa neno, wala baba, wala jirani hakumtupia mtoto jicho baya.

Mlango wa juu nao huweza kupatwa na msiba kama huo, ila si wa kuzaliwa nao. Mtu mzima huweza kufiwa na chembe za fahamu katika sehemu ya mwisho ya umio. Chakula kikakwama juu ya mfuko wa tumbo, akakitapika kama alivyokila. Daktari Thomas Willis wa Uingereza aliandika mwaka 1674 habari za mgonjwa wa namna hiyo. Alimpa ufito wa mfupa wa nyangumi wenye kipande cha sifongo nchani, naye kwa miaka mingi akakisukuma chakula chake tumboni kwa ufito ule kila alapo. Na katika Amerika ya Kusini yuko mdudu mdogo sana wa damuni, ndugu wa yule wa malale aenezwaye na mbung'o kwetu Afrika, ambaye huharibu chembe za umio na za utumbo mpana pia. Carlos Chagas wa Brazil alimgundua mwaka 1909.

Lakini turudi kwa mtoto mchanga. Dalili ya kwanza huonekana mapema, kama watu wanajua kuitazama. Mtoto mzima aliyezaliwa kwa wakati wake hutoa choo chake cha kwanza, kile cheusi chenye kunata, katika siku yake ya kwanza, au kwa kuchelewa sana siku ya pili. Asipokitoa kwa muda wa saa 48, na tumbo likivimba, na akitapika matapishi ya rangi ya majani, yampasa apelekwe hospitali siku ile ile. Nyumbani wengine husema, Ni mchango huo, wakampa dawa za miti, au wakamwingizia maji ya sabuni kwa nyuma. Huenda choo kikatoka, hata kwa nguvu nyingi, na watu wakafurahi. Lakini mlango hufunga tena. Na maji matupu yakiingizwa mengi katika utumbo wa mtoto mchanga huweza kunywewa na mwili yakaizimua damu yake, akashikwa na degedege. Hospitalini huoshwa kwa maji ya chumvi yaliyopimwa, kwa mpira laini, na kwa mkono wa mtu aliyefundishwa.

Daktari huuliza siku ile choo cha kwanza kilipotoka. Mama aikumbukaye saa yake amemsaidia kuliko chombo cho chote. Kisha huingiza dawa nyeupe iitwayo bariamu katika utumbo, akapiga picha ya eksirei: huonekana kipande chembamba chini, na juu yake utumbo ukipanuka kama faneli. Lakini picha si shahidi wa kutosha. Ushahidi wa kweli ni kipande kidogo cha utando wa ndani wa utumbo, mdogo kuliko punje ya mtama, kinachonyonywa na kukatwa kwa chombo maalumu. Chombo cha namna hiyo kilielezwa na Helen Noblett huko Australia mwaka 1969. Mtoto haumwi, maana utando wa mahali hapo hausikii maumivu ya kukatwa. Ndipo mwenye hadubini aanzapo kazi yake ngumu: kutafuta kitu kisichokuwapo. Akiona chembe moja ya fahamu, amemaliza mara moja. Ugonjwa si huu. Asipoiona, hana budi kutazama kipande baada ya kipande, tena na tena, kabla ya kuthubutu kusema, Hazimo.

Upasuaji wa leo umefuata njia ya Swenson, ingawa namna zake zimekuwa nyingi. Mpasuaji huchukua vipande vidogo kutoka mahali mbalimbali pa utumbo, na mwenye hadubini humwambia mle mle katika saa ya kazi mahali chembe zinapoanzia. Hapo juu ndipo akatapo. Mwaka 1998 madaktari wa Mexico walionyesha kwamba kazi yote huweza kufanywa kwa kupitia njia ya haja kubwa, tumbo lisipasuliwe kabisa. Na kwa mtoto aliyewahi kuletwa, upasuaji mmoja waweza kutosha.

Katika hospitali kubwa za Dar es Salaam, Nairobi na Kampala watoto hawa hutibiwa, lakini wengi hufika wamechelewa, wana miezi mingi au hata miaka, na utumbo umekwisha kutanuka mno hata hauwezi kuungwa. Hao hufanyiwa kwanza tundu tumboni kama alivyofanya Swenson, wakangojewa miezi kadhaa wanenepe na utumbo unywee. Huenda ukamwona mtoto wa namna hiyo, ana kitambaa au mfuko ubavuni chini ya kanzu yake, na utumbo wake mwekundu umechungulia nje. Mahali pale hapaumi pakiguswa. Hupakwa mafuta ngozi yake pembeni isichubuke, na mtoto hula, hucheza na hukua kama wengine, hata siku ile tundu litakapofungwa.

Baada ya kufungwa, kazi haijaisha mara moja. Watoto wengine hukawia kujifunza kuzuia haja, wengine hufunga choo kwa muda, wengi hupata nafuu kadiri miaka ipitavyo. Liko jambo moja ambalo daktari humwambia mama kabla hajaondoka, na kumtaka alirudie kwa kinywa chake mwenyewe: mtoto akipata homa, tumbo likavimba, akaharisha choo chembamba chenye harufu mbaya sana, asingoje kupambazuke. Hiyo ni dalili ya utumbo kuvimba kwa ndani na sumu kuingia damuni. Huweza kutokea kabla ya upasuaji au baada yake, nayo huua upesi kuliko ugonjwa wenyewe. Akifikishwa mapema, huoshwa utumbo kwa maji ya chumvi, hutiwa maji na dawa katika mshipa wa damu, na mara nyingi baada ya siku chache hurudi kwao.